Kituo cha haki za binadamu kijijini: kinaacha nini, na utakipimaje?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji kando ya ziwa, wilaya ya Sengerema. Shirika moja limetuomba ghala la zamani la pamba liwe kituo cha elimu ya haki za binadamu na msaada wa kisheria. Wazee wanapinga, wanasema haki hizi zinavunja ndoa na kuwapa watoto kiburi. Vijana wanasema wanataka ajira, semina wamezichoka. Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao. Naomba unieleze vituo hivi vinabadilisha nini hasa katika jamii, na nitajuaje kama chetu kinafanya kazi au ni bango tu la barabarani.

JIBU: Mwenyekiti, nianze na jambo ambalo waombaji wa jengo huwa hawalisemi. Kituo kikifanya kazi yake sawasawa, mwaka wa kwanza kijiji kitaonekana kimeharibika. Mashauri ya mashamba yataongezeka, wanawake wataanza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, wajane watadai vitu ambavyo kila mtu alidhani vilishagawanywa. Wazee watakuja kwako wakisema, "Tulikuambia." Uwe na jibu tayari: ugomvi huo ulikuwepo siku zote, ila ulikuwa ukimalizwa na mwenye nguvu. Kama baada ya mwaka mzima hakuna lililobadilika na kila mtu anakisifia kituo, hapo ndipo uanze kutilia shaka.

Watu hawafiki kituoni wakiuliza habari za haki za binadamu. Wanafika na shauri la shamba, matunzo ya mtoto, mkopo wa kausha damu (wa riba ya kuumiza), mshahara wa kibarua, kipigo cha jana usiku. Na zaidi ya yote, mirathi. Nikueleze shauri moja la aina hiyo kwa kirefu, kwa sababu ndani yake utaona kazi yote ya kituo.

Mume alikuwa na mtumbwi wa dagaa, injini, nyavu na taa za kuvulia. Amefariki. Matanga yakiisha, shemeji anachukua injini "aitunze", na wiki chache baadaye mjane anasikia inafanya kazi kwenye mwalo mwingine. Anaambiwa shamba la mihogo ni mali ya ukoo, naye arudi kwao au akubali kurithiwa. Mama huyu akifika kituoni, msaidizi wa kisheria anafungua daftari la kaunta na kumwuliza maswali ya kawaida kabisa. Cheti cha kifo kipo? Ndoa ilikuwa ya namna gani? Watoto wangapi, na vyeti vyao vya kuzaliwa viko wapi? Risiti ya injini anayo nani? Kikao cha ukoo kimekaa, na muhtasari umeandikwa? Mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo, na hapo ndipo kazi inapoanza: kufuatilia cheti cha kifo, kuwaita wazee wa ukoo wakae na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha kumwelekeza mama Mahakama ya Mwanzo afungue shauri. Msimamizi akishateuliwa, shemeji hawezi tena kusema anaitunza injini. Atatakiwa airudishe ihesabiwe pamoja na mali nyingine za marehemu.

Hakuna hotuba hapo. Ni karatasi, nauli ya kwenda mahakamani, na mtu wa kukuambia uanzie dirisha gani. Lakini mama huyo akishinda, wanawake wote wanaoanika dagaa pale mwaloni watajua kabla jua halijazama, na watakuwa wamejifunza sheria ya mirathi kuliko semina yoyote ingewafundisha.

Kwa nini kazi hii ihitaji kituo wakati sheria ipo? Tazama historia ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, wilayani Muleba, aliuza kwa shilingi 300,000 shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mwanaukoo akaenda mahakamani kusema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye na kubatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikaitengua hukumu hiyo, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, kwa kuwa sura ya haki za msingi iliyoingizwa mwaka 1984 inakataza ubaguzi, na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Kesi hiyo, Ephrahim dhidi ya Pastory, inasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini. Iliamuliwa jijini Mwanza, ng'ambo tu ya maji kutoka kwenu. Sasa waulize wanaume kumi pale mwaloni kama binti anaweza kuuza shamba alilorithi, uhesabu majibu. Hukumu haitembei yenyewe. Kijiji chenu kinahitaji mtu wa kuivusha maji.

Tena sheria zenyewe hazijanyooka zote, na kituo kinachowaambia wajane kwamba sheria iko upande wao moja kwa moja kinawadanganya. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lina kanuni inayomnyima mjane urithi pale mume anapoacha ndugu wa ukoo wake, ikisema atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili walipeleka malalamiko kuhusu mila hizo hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ndiyo maana mtu mwenye ujuzi atatafuta njia iliyo imara zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wa mke katika mali ya ndoa, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa kuwa mchango wakati wa kugawana mali ndoa inapovunjika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali haina nguvu, basi. Kuchagua hoja ipi itumike wapi ndiyo elimu yenyewe.

Njoo sasa kwa wazee. Hoja yao ya ndoa usiidharau, maana ina ukweli ndani yake. Wanawake peke yao wakifundishwa, wakarudi nyumbani na fulana ya mradi na maneno mapya huku mume hajaambiwa lolote, kipigo kinaweza kuja haraka zaidi. Lakini wanaposema kwamba kukataza kupigana ni mambo ya kuletwa na wazungu, wakumbushe kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1971, Mwalimu akiwa Rais. Imewakuta wengi wao wakiwa bado hawajaoa.

Je, kufundisha kunapunguza kipigo? Hapa tuna bahati, kwa sababu majibu mazuri zaidi barani yametoka kwenye ziwa hili hili. Kampala, kati ya 2008 na 2012, ulifanyika utafiti wa mpango uitwao SASA!, ambao hauendeshwi kwa semina. Majirani wa kawaida, wanaume kwa wanawake, wanazungumza na wenzao sokoni, kijiweni na kwenye boda, mwaka baada ya mwaka. Katika maeneo yenye mpango, wanawake waliosema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa takriban asilimia 52 kuliko maeneo yasiyokuwa nao. Maeneo yalikuwa manane tu, kwa hiyo tarakimu hiyo ichukue kwa tahadhari. Hata hivyo mwelekeo wake umewashawishi wengi kuiga.

Hapa Mwanza kwenyewe ulifanyika utafiti wa MAISHA. Wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo midogo walipewa vipindi kumi vya mafunzo kuhusu mahusiano na ukatili. Zaidi ya miaka miwili baadaye, waliosema wametendewa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa asilimia 23, na katika vikundi ambavyo havikupata mafunzo asilimia 27. Kisha mafunzo yale yale yakatolewa kwa wanawake ambao hawakuwa kwenye mikopo. Mtazamo wao juu ya ukatili ukabadilika, lakini ukatili wenyewe haukupungua kwa namna ya kuonekana wazi. Mimi nasoma hivi: kujua peke yake hakumkingi mtu. Mwanamke anayejua haki yake lakini hana senti mkononi wala pa kwenda anabaki pale pale, na sasa anajua anachonyimwa. Kwa hiyo waulize hao wanaotaka ghala wataunganisha vipi elimu yao na vikoba vya akina mama, polisi, zahanati na mahakama. Wakikujibu kwamba wao ni elimu tu, utafiti wa mjini Mwanza unakuambia utegemee nini.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Sheria ya Mtoto ya 2009, hiyo hiyo wanayoiogopa, ina kifungu kinachompa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa zake. Mwombe mtu akisome mkutanoni kwa sauti. Nimeona wazee wakiomba kirudiwe.

Kuna suala zito zaidi ambalo hukuniuliza, na naona afadhali nilitaje. Kanda ya Ziwa ina sifa mbaya ya mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi ikiwa kosa la bibi ni macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jiko maisha yake yote, na ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Wanaouawa hivyo hawaji kituoni kulalamika. Kituo chenye maana kinawafuata waganga wa jadi, viongozi wa dini na sungusungu, yaani walinzi wa jadi, kabla tuhuma haijapikwa, na kinajua nyumba zenye bibi anayeishi peke yake. Wakikuonyesha mpango kazi wenye semina za wanafunzi na wanawake tu, uliza sungusungu wameandikwa ukurasa gani.

Hapo kwenye sungusungu ndipo na wewe unapoingia. Ulinzi huu wa jadi uliibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na watu wengi wanauheshimu hadi leo kwa sababu ulifanya kazi ambayo polisi hawakuifikia. Lakini pia hutoza faini bila risiti, hutenga familia, na wakati mwingine hupiga. Ofisi za vijiji nazo zina tabia zake. Mtu anafungiwa stoo usiku kucha kwa deni, michango inakusanywa bila kumbukumbu, mapato na matumizi hayasomwi kwenye mkutano mkuu unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu. Wananchi wakielimishwa, wa kwanza kuulizwa watakuwa wewe na mtendaji wako. Kama hilo linakukera, sema hapana mapema, maana nimeona vituo vilivyokufa kwa sababu mwenyekiti aliyevikaribisha alivigeukia baada ya swali la kwanza la risiti. Kwa upande mwingine, mwenyekiti ambaye hesabu zake zimenyooka hupata hapo shahidi asiyemtegemea. Na malalamiko yanayomzidi uwezo yana pa kwenda: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ina ofisi Mwanza.

Vijana wana haki ya kuuliza habari za ajira. Kituo hakileti ajira, na anayewaahidi hivyo anatafuta kura. Kinachoweza kufanya ni kuwasaidia vibarua wa mitumbwi kudai mgawo wao pale tajiri anapobadilisha makubaliano baada ya samaki kuuzwa, na kumsomea kijana mkataba wa mkopo kabla hajaweka kidole. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wengi wa kausha damu hawana, na wakiulizwa leseni hupunguza sauti.

Sasa jengo. Kwanza hakikisha ghala ni la nani. Maghala mengi ya pamba ni mali ya chama cha msingi cha ushirika hata kama kijiji kimeyatumia miaka mingi, na kama ni la ushirika, ninyi hamna cha kutoa. Kama ni la kijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kuigawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo umefanya vyema kusubiri. Pili, tazama lilipo. Kituo kilichopakana na ofisi ya mtendaji hakitapata mwanamke aliyepigwa wala mtu anayemlalamikia mtendaji. Kinafaa mahali ambapo mtu anaweza kupita kama anakwenda sokoni au kliniki, na ndani kiwe na chumba ambacho sauti haitoki.

Muda nao. Shirika likitoka mjini litapanga mikutano Jumatano saa nne asubuhi, wakati akina mama wako kwenye chanja wanageuza dagaa na wanaume wamelala baada ya kuvua usiku. Waambieni wafuate mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika, na hizo ndizo siku za kuwapata wavuvi wakiwa wametulia nchi kavu. Wavuvi wasipofikiwa, mtakuwa na kituo cha wanawake kinachowaeleza wanawake matatizo wanayoyajua tayari.

Uhalali wao ni jambo la dakika chache. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 mtoa msaada lazima awe amesajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya atakuambia kama wamo kwenye orodha. Msaidizi wa kisheria hatozi mtu pesa, na hasimami mahakamani kama wakili. Anayeomba "hela ya karatasi" mtoe. Uliza pia kama wanajua mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyoyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi tu ndani ya siku 30, kabla shauri halijaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyelijua hilo atawapotezea watu mwaka mzima. Na awe na msimamo kwamba ubakaji au kumjeruhi mtu havisuluhishwi kwa mbuzi wa fidia, hata ukoo wote ukiomba. Vinakwenda polisi, mwathirika anapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na kupelekwa hospitali.

Kuhusu kupima. Ripoti za miradi zitakuletea idadi ya waliohudhuria, na idadi hiyo ni rahisi kuinunua kwa posho na soda. Utagundua pia majina ni yale yale kutoka semina hadi semina. Wewe omba daftari la mashauri, bila majina ya watu, kila miezi mitatu. Tazama mashauri mangapi yalifunguliwa, yalipelekwa wapi, na yaliishia wapi. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani, na ndiyo ambayo mara nyingi huachwa wazi. Tazama kama wanaume nao wanakuja. Tazama kama watu wanavuka kutoka vijiji vya jirani, maana hakuna anayelipa nauli ya mtumbwi kufuata porojo. Kisha tazama mambo yaliyo nje ya kituo: hati za hakimiliki ya kimila zinazotolewa sasa zina majina ya wake pia? Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba na angalau watatu wawe wanawake, lina hao watatu wanaohudhuria na kusema, au wameandikwa tu? Kabla kituo hakijafunguliwa, mwambie mtendaji aandike hali ilivyo leo katika hayo yote. Usipofanya hivyo sasa, baada ya miaka mitatu mtabaki kubishana kwa hisia.

Miaka mitatu nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu miradi mingi ina umri wa namna hiyo. Vipo vinavyodumu. Kivulini, kwa mfano, kilianzishwa Mwanza mwaka 1999 na kimeendelea kufanya kazi dhidi ya ukatili wa majumbani miaka yote hii. Lakini vingi hubaki na bango lililopauka. Wanaobaki kijijini ni wasaidizi wa kisheria wenyewe, kwa hiyo sisitizeni wachaguliwe wakazi wenu wenye shughuli zao hapo, mama muuza dagaa au fundi cherehani anayeaminika, kuliko kijana aliyemaliza chuo anayesubiri kuitwa kazini Dodoma.

Kwenye muhtasari wa mkutano mkuu andikeni basi: jengo linatolewa kwa muda maalumu na linabaki mali ya kijiji, angalau nusu ya wasaidizi ni wakazi, mikutano ya wavuvi inafuata kalenda ya mwezi, taarifa ya mashauri inasomwa mkutanoni kila robo mwaka bila majina. Na andikeni kabisa daftari za mashauri zitakabidhiwa kwa nani mradi ukifungwa. Ndani yake mna siri za nyumba za watu, na hazifai kuachwa kabatini kwenye ghala wala kuhamishiwa ofisi ya mtendaji.